Mtunzaji: Walter Opiyo Oketch

Mwaka 1998, mtu yeyote wa Kisumu aliyetaka programu ya Linux, ule mfumo wa kompyuta usiolipiwa, alielekezwa kwa Seline Adongo. Utampata, aliambiwa, kwenye kituo cha mafunzo cha kanisa kando ya soko la Kibuye, chumba cha nyuma chenye feni moja na dirisha lililozibwa kwa kadibodi kuzuia vumbi la mitumba. Humo ndimo alimokuwa akitunza ghala kwa miaka minne.

Lilikuwa ghala la programu. Padri mmoja Mholanzi, aliyewahi kufundisha hapo kabla ya kurudi kwao, alituma sidii, zile diski za kung'aa, kwa posta mara mbili kwa mwaka. Ndani yake mlikuwa na vifurushi zaidi ya elfu moja, kila kifurushi na programu yake, vilivyoandaliwa na watu wa kujitolea kutoka pande zote za dunia. Seline alivimimina kwenye kompyuta kuu, akakagua nambari ya kila kimoja aone kama hakikuharibika njiani, akaondoa vilivyopitwa na wakati, kisha akaandika upya orodha kuu inayosema kipi kiko wapi na kipi hakiwezi kufanya kazi bila kipi. Orodha ikikosewa mstari mmoja tu, mteja anapewa programu inayodai nyingine ambayo haipo, naye anarudi kesho yake amenuna. Intaneti ya maana ilikuwa Nairobi. Kituo kilikuwa na modemu iliyopiga simu mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, ikapeleka barua na kuleta barua, basi. Ndiyo maana walimu wa Maseno, makarani wa mjini na watu wa zahanati ya Kisian walikuja wenyewe, disketi zao zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki.

Mkuu wa kituo, Bwana Wepukhulu, mtu wa Bungoma mwenye sauti ya kwaya, alikuwa akisema kwamba hajaona mtu mwenye mpango kama Seline. Yeye Seline hakuona ajabu. Baba yake, mzee Oketch, alikuwa karani wa ghala la reli pale Kisumu, na watoto wake walijua kusoma vibandiko vya mizigo kabla hawajajua kusoma Biblia. Watoto wenyewe walikuwa wawili tu, nao pacha: Walter Opiyo aliyetangulia kutoka tumboni, na Seline Adongo aliyefuata dakika ishirini baadaye. Mtaa wao mzima wa Kaloleni ulimwita mama yao Min Rude, mama wa pacha, hata waliosahau kwamba jina lake ni Dorca.

Opiyo alipata nafasi ya kusoma Ujerumani mwaka 1986. Watu wa kwao Kisian walimsindikiza hadi stesheni kwa nyimbo. Kwa miaka mitano barua zilikuja, kwanza kila mwezi, halafu kila Pasaka na Krismasi, halafu kadi moja yenye picha ya bandari ya Bremen na maneno manne: Niko salama, msiwe na wasiwasi. Baada ya hapo kimya. Mzee Oketch alipofariki mwaka 1993, Seline alipeleka telegramu kwenye anwani ya mwisho waliyokuwa nayo. Waliahirisha mazishi mara mbili, wakingoja. Mara ya tatu wazee wa ukoo walisema maiti haiwezi kungoja mtu asiyejulikana kama yu hai, na mzee akazikwa bila mwanawe wa kiume kutupa udongo kaburini. Siku zilizofuata, watu walipokuja kutoa pole walisema maneno ya marehemu, kisha wakashusha sauti na kuuliza habari za huyu mwingine. Hawakujua wanauliza habari za aliye hai au za aliyekufa. Hata Seline hakujua.

Jambo moja alilijua peke yake. Akiwa anapanga vyombo, au anavuka barabara, au anacheka na wenzake, mara nyingi alijikuta amegeuza shingo upande wa kushoto, upande ambao Opiyo alizoea kutembea. Alikuwa na miaka thelathini na mbili na bado shingo haikuwa imejifunza.

*

Sidii za Septemba zilifika zikiwa na mstari mrefu wa mihuri ya posta. Seline alianza kazi Jumatatu, na kufikia Jumatano alikuwa kwenye orodha, akilinganisha toleo jipya na la zamani, kifurushi kwa kifurushi. Kila kifurushi kilikuwa na maelezo yake mafupi: jina, ukubwa, kinategemea nini, na mtu anayekitunza, yaani yule aliyejitolea kukirekebisha kikiharibika.

Alifika kwenye splitta. Hiyo ilikuwa programu ndogo aliyoitumia kila siku ya Mungu, ya kukata faili kubwa vipande vinavyotosha kwenye disketi, na kuviunganisha tena vikifika vinakokwenda. Katika toleo la zamani mtunzaji wake alikuwa Mkanada fulani. Sasa Seline alisoma: Mtunzaji, Walter Opiyo Oketch.

Alisoma tena. Kisha aliinuka, akafungua mlango, akaangalia uani ambako wanafunzi walikuwa wakinywa chai, akafunga mlango, akarudi kukaa. Jina lilikuwa palepale. Pembeni yake palikuwa na anwani ya barua ya kompyuta iliyoishia kwa herufi mbili za Ujerumani.

Kila kifurushi huwa pia na daftari la mabadiliko, ambamo mtunzaji anaandika alichofanya, tarehe, na saa. Seline alilifungua la splitta. Juu kabisa paliandikwa kwa Kiingereza: Mtunzaji mpya. Aliyetangulia ameshindwa kuendelea, nimekichukua kisibaki yatima. Tarehe ilikuwa ya Jumapili moja ya mwezi wa Machi, mwaka huohuo, saa kumi na dakika sita jioni.

Kwa hiyo alikuwa hai mwezi wa Machi. Jumapili jioni, mahali fulani, alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya kompyuta kama yeye.

Seline alilia bila sauti, kiganja mdomoni, hadi Bwana Wepukhulu alipoingia kuulizia kebo na kumkuta hivyo.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Hapana, Bwana Wepukhulu. Ni kaka yangu." Akaonyesha skrini.

Wepukhulu alivaa miwani, akainama, akasoma polepole. Habari za Opiyo alizijua, nani hakuzijua? Akavuta kiti. "Basi si umwandikie? Anwani hiyo hapo."

"Nimwandikie nini? Anajua sanduku letu la posta. Halijabadilika tangu tuzaliwe. Mtu akitaka kuandika anaandika."

"Kweli."

"Nikimwandikia asijibu, nitakuwa nimempoteza mara mbili. Hii ya kwanza nimeshaizoea."

Wepukhulu alichukua kebo yake, na alipofika mlangoni akasema, "Mtu anaweza kumkimbia ndugu yake, Seline, lakini kazi aliyojipa mwenyewe haikimbii." Akatoka.

Kwa siku nyingi Seline hakufanya lolote. Alisoma tu lile daftari. Opiyo alikuwa ameandika mara tatu: Machi, Mei, na Juni. Mara ya Mei alisahihisha kosa la tahajia la mtu mwingine na kuomba radhi kwa kuchelewa. Seline alimjua hapo. Kaka yake tangu utotoni alikuwa mtu wa kuomba radhi kwa makosa madogo na kunyamazia makubwa.

*

Kazi yenyewe ndiyo iliyomsukuma. Mwezi wa Oktoba, Nabwire, karani wa zahanati ya Kisian, alirudi na disketi zake. Programu ya kadi za wagonjwa ilikuwa imekataa kuungana.

"Dada, nimejaribu mpaka nikachoka," alisema. "Inasema kipande cha mwisho hakipo."

Seline aliipima ile faili. Ilikuwa imetosha disketi tatu kamili, bila kuzidi wala kupungua hata herufi moja, lakini splitta ilikuwa imetoa vipande viwili tu. Alitengeneza faili nyingine ya majaribio, ya disketi mbili kamili, akaikata. Kikatoka kipande kimoja. Alijaribu na ya disketi nne, vikatoka vitatu. Basi hitilafu ilikuwa wazi: kitu kikitosha sawasawa, programu ilidhani imemaliza kabla haijamaliza, na kipande cha mwisho kikapotea kimyakimya.

Alimkatia Nabwire vipande vyake kwa mkono, akamwacha aende zake. Kisha akakaa akiangalia skrini.

Watu wale wa kujitolea walikuwa na utaratibu wao. Anayeona hitilafu anaandika ripoti kwa barua kwenye anwani moja ya wote. Ripoti inapewa nambari, inawekwa hadharani, na mtunzaji anapaswa kuijibu. Hakukuwa na haja ya intaneti. Barua ilitosha.

Seline aliandika ripoti fupi, ya kikazi. Alieleza alichojaribu na kilichotokea. Mwishoni aliandika S. Adongo, Kisumu. Aliifuta Kisumu. Akairudisha. Saa tisa alasiri modemu ilipiga kelele zake kwenye waya, na ripoti ikaondoka.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi na moja.

"Mpendwa S. Adongo," yaliandikwa kwa Kiingereza safi. "Asante kwa ripoti iliyo wazi. Nimeweza kuirudia hitilafu hiyo hapa kwangu. Tafadhali nijulishe ni toleo gani unatumia, na ukubwa wa disketi zako. W. O. Oketch."

Hapakuwa na neno zaidi. Seline aliligeuza kila neno kama mtu anayetafuta mawe ndani ya mchele. Je, hajui? Kisumu ina akina Adongo wangapi? Kila nyumba yenye pacha ina Adongo au Odongo. Alijibu alichoulizwa, kwa adabu ileile.

Barua ya pili ya Opiyo ilikuja mapema zaidi, siku tano tu. Alieleza ni mstari gani wa programu anaoushuku. Kisha, chini ya jina lake, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa ameshafika mlangoni: "Nimesoma gazetini kwamba ziwa limefunikwa na magugu. Ni kweli?"

Seline alijibu siku hiyohiyo.

"Ni kweli," aliandika. "Ukisimama Dunga huoni maji, unaona majani tu, kama shamba. Mitumbwi inakwama. Meli zimekaa bandarini wiki nzima. Wavuvi wanasema kuna siku upepo unayahamisha yote usiku mmoja, asubuhi ziwa linaonekana tena. Kuhusu ule mstari, nimeujaribu kama ulivyosema, lakini kipande cha mwisho bado kinapotea."

"Na soko la Kibuye bado liko palepale?" Opiyo aliuliza katika barua ya tatu, baada ya kurasa mbili za mambo ya hesabu.

"Liko. Limepanuka hadi barabarani. Wanaouza omena wamesogezwa upande wa kanisa."

Kila mtu aliyetaka duniani aliweza kusoma barua hizo, kwa kuwa zote ziliwekwa chini ya nambari ya ripoti. Na kweli kuna aliyesoma. Mtu mmoja wa Uswidi, mmoja wa wasimamizi, aliwaandikia wote wawili: "Tafadhali tujadili hitilafu tu. Magugu na soko havihusiani na splitta." Seline alicheka hadi akashika mbavu, na katikati ya kicheko akageuza shingo upande wa kushoto.

Opiyo aliomba radhi kwa yule Mswidi. Barua yake iliyofuata haikuwa na swali lolote la chini.

*

Ndipo Seline alipoamua kumwambia mama yake.

Jumamosi hiyo Mama Dorca alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yao ya Kaloleni, ungo mapajani, akichambua omena, dagaa wa ziwani, vidole vikitupa makonokono madogo pembeni. Seline alikaa ngazi ya chini yake.

"Mama, Opiyo yu hai."

Vidole vilisimama. Vikaendelea. "Nani kasema?"

"Ninaandikiana naye. Kwa kompyuta. Tangu mwezi uliopita."

"Anaandika nini?"

"Habari za kazi. Kuna programu anaitunza, na mimi ninaitumia. Imeharibika kidogo, tunaitengeneza."

Mama Dorca alitafakari hilo. "Inafanya nini, hiyo anayoitunza?"

"Inakata kitu kikubwa vipande, ili kibebeke. Kikifika inakiunganisha."

"Na yeye ndiye aliyeibuni?"

"Hapana. Mwenyewe aliiacha. Opiyo akaichukua."

"Akaichukua," mama alirudia. Akaweka ungo chini. Sasa mikono haikuwa na la kufanya, ikashikana. "Anajua kwamba unayeongea naye ni wewe?"

"Nadhani anajua. Lakini hasemi. Na mimi sisemi."

"Kwa nini husemi?"

"Kwa sababu nikisema mimi ni Adongo wake, itabidi nimuulize kwa nini. Na akinijibu, itabidi nimkasirikie."

Kuku wa jirani alikuja akaanza kudonoa omena kwenye ungo, na hakuna aliyemfukuza.

"Usimuulize kwa nini," mama alisema hatimaye. "Mwambie kitu kimoja tu. Mwambie baba yake hakufa na hasira."

Seline alimtazama. Yeye Seline ndiye aliyekaa kando ya kitanda cha hospitali zile wiki mbili za mwisho. Alilitaja jina la Opiyo mbele ya baba yake mara moja tu, na mzee Oketch aligeukia ukutani, akabaki hivyo hadi jioni.

"Mama, hilo si kweli."

"Wewe ulimwona amegeukia ukuta."

"Nilimwona."

"Mimi nimelala na mgongo wa mwanamume yule miaka thelathini na moja. Alikuwa akigeukia ukuta akiwa na hasira, na alikuwa akigeukia ukuta akiwa analia. Wewe ungejuaje tofauti?" Akachukua ungo tena. "Mwambie mama yako amesema."

Seline hakujua, na hadi leo hajui, kama mama yake alisema kweli au alisema lililohitajika. Jumatatu aliandika. Safari hii hakupeleka kwenye ripoti ya hadharani bali kwenye anwani ya kaka yake peke yake, na hakuandika kwa Kiingereza bali kwa Dholuo, lugha yao ya nyumbani. Sentensi moja: Mama anasema baba yetu hakufa na hasira. Hakutia sahihi.

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Saa nne asubuhi na saa tisa alasiri modemu ilipiga, na Seline alikuta barua za watu wengine. Wiki ya tatu alianza kujilaumu. Alijiambia kwamba kabla ya hapo alikuwa walau na hitilafu, na sasa ameipoteza hata hiyo. Wepukhulu, aliyeacha kuuliza, alianza kupita mlangoni mwake saa tisa na robo akijifanya anatafuta kitu.

Tarehe tatu Desemba ilikuja barua isiyoandikwa na mtu. Ripoti ikifungwa, mashine ya wale watu humpelekea aliyeripoti taarifa, pamoja na maneno mapya ya daftari la mabadiliko. Seline alisoma:

"Hitilafu imerekebishwa. Kipande cha mwisho hakipotei tena pale kitu kinapotosha sawasawa. Kosa lilikuwa langu, nililiona zamani nikaogopa kuligusa. Asante kwa Adongo wa Kisumu, aliyezaliwa dakika ishirini baada yangu, na ambaye daima ameokota nilichoangusha."

Maneno hayo yangeingia kwenye sidii. Yangekaa kwenye maghala ya nchi asizozijua hata kwa ramani, na kila atakayeichukua splitta angeyachukua pamoja nayo.

Barua yenyewe, ndefu, ilikuja alasiri ya siku ileile, kwa Dholuo iliyopinda kwa kutotumika. Opiyo hakumaliza masomo. Alifeli mwaka wa nne, akaona aibu kuandika, akangoja afaulu ndipo aandike, na kadiri alivyongoja ndivyo barua ilivyozidi kuwa nzito. Telegramu haikumfikia, alikuwa amehama. Habari za msiba alizisikia miezi saba baadaye, kwenye jukwaa la treni, kutoka kwa Mkenya aliyedhani Opiyo ameshapata habari. Alipewa pole ya baba yake na mtu baki. Usiku ule, na mara nyingi baadaye, aliandika barua na kuichana. Sasa alikuwa akifanya kazi kwenye jiko la hospitali, na Jumapili, jiko likifungwa, alitunza vifurushi vitatu ambavyo wenyewe walivitupa. Alipoona S. Adongo alijua mara moja. "Niliangalia jina lako siku kumi," aliandika. "Siku ya kumi na moja nikauliza ukubwa wa disketi."

Asingeweza kuja. Karatasi zake hazikuwa zimekaa sawa. Angetoka asingeruhusiwa kurudi. Na alikuwa na sababu ya kurudi. Alikuwa na binti wa miaka minne, anayeishi na mama yake mtaa wa pili. Anaitwa Rosa.

Seline aliichapisha barua hiyo kwa mashine ya kituo, akaibeba hadi Kaloleni akitembea haraka kuliko kawaida yake, akamsomea mama. Mama Dorca alisikiliza habari za kufeli, za treni na za jiko bila kuinua kichwa. Seline alipofika kwenye jina la mtoto, mama alisema, "Rudia hapo."

"Anaitwa Rosa."

"Amempa jina la mama yangu," alisema Mama Dorca. "Kule. Peke yake, bila mtu wa kumkumbusha." Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba. Seline alikaa nje na karatasi mkononi hadi aliposikia maji yakimiminwa kwenye beseni na mama akinawa uso.

*

Waliandikiana mwaka mzima, mara nyingi kuliko walivyowahi kuandikiana kwa posta. Seline alimkasirikia, kama alivyotabiri, tena sana. Mwezi wa Februari alimwandikia kurasa nne za hasira tupu, za mazishi yaliyoahirishwa mara mbili, za wazee waliomuuliza yeye, mwanamke, kaka yako yuko wapi, naye hana jibu. Opiyo hakujitetea. Alijibu, "Nimesoma yote. Endelea." Naye aliendelea, hadi zikaisha. Baada ya hapo walibaki na mambo ya kawaida: magugu yameanza kupungua, Rosa ameng'oka jino, kifurushi fulani kinategemea kingine ambacho hakimo kwenye sidii. Kujua kwamba yuko hai na ameketi Jumapili jioni kwenye kiti hakukumpunguzia Seline hamu, kuliiongeza. Zamani alitamani mtu. Sasa alitamani mtu mwenye saa zake, mwenye jiko, mwenye mafua ya Januari, na alijua kila wiki ni nini hasa anachokosa.

Jumapili moja ya Agosti 1999 Opiyo alipanga kupiga simu kituoni, saa nane mchana, baada ya kanisa. Wepukhulu alikuja kufungua ofisi mwenyewe, akiwa bado na suti ya ibada, akawasogezea viti. Mama Dorca alikuwa amevaa kitambaa cheupe kichwani na amebeba kikapu cha omena, hata Seline alipomwambia kwamba omena haipitishwi kwenye simu.

"Najua," mama alisema. "Siwezi kumwona mtoto mikono mitupu."

Simu ililia saa nane na dakika kumi. Seline aliinyanyua, akasikia kelele ya mbali, kisha mtu akivuta pumzi.

"Adongo."

"Opiyo."

Ilikuwa sauti ya mtu mzima, nzito, isiyofanana na ile aliyoihifadhi. Miaka kumi na mitatu. Alitaka kusema mambo mengi na akaona kwamba yote alikuwa ameshayaandika. "Mama huyu hapa," akasema, akampa mama mkonga wa simu na kuushikilia sikioni pake.

Mama Dorca hakuuliza kwa nini. Aliuliza kama amekula. Akauliza amekula nini. Akamwambia kwamba kule Kisian, wakati wa kuanua matanga, walimjengea simba yake, kibanda cha ujana, kama kila mtoto wa kiume wa boma lile, na kila mwaka yeye mama anaikandika kwa udongo, na mwaka huu mchwa wamekula nguzo moja lakini ameshaibadilisha. Halafu upande wa pili ikasikika sauti ndogo, ya mtoto, ikisema kitu cha Kijerumani.

"Rosa?" mama aliita. "Rosa nyar Opiyo? Rosa binti Opiyo?"

Mtoto alijibu, maneno marefu, yenye furaha, ambayo hakuna mtu chumbani aliyeyaelewa. Mama Dorca alitikisa kichwa akikubaliana na kila moja. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo, mama yangu. Ndiyo." Waliongea hivyo, huyu kwa lugha yake na yule kwa lugha yake, hadi laini ikakatika katikati ya neno.

Mama alibaki ameshikilia mkonga. Seline aliuchukua taratibu, akasikiliza, akaurudisha mahali pake.

"Atapiga tena?" mama aliuliza.

"Mwezi ujao, amesema. Akipata nafasi."

"Leo hapigi tena?"

"Leo hapana, Mama."

Mama Dorca alikivuta kikapu cha omena karibu na miguu yake na kuitazama ile simu. Bwana Wepukhulu, aliyekuwa mlangoni na ufunguo mkononi, aliwaangalia wote wawili. Alirudisha ufunguo mfukoni, akavua koti, akasema kwamba hata hivyo kuna barua alitaka kuandika, wasiwe na haraka. Akaketi kwenye meza ya mbali, na hakuandika chochote.